Chumvi Niliyokunyima

Mpendwa baba,

Siku ya kukuzika watu walitia chumvi. Msemaji wa ukoo alisimama chini ya turubai akasema Old Moshi nzima haijapata kuona binti aliyemtunza baba yake kama mimi nilivyokutunza. Akasema kwa miezi minane nilikupikia bila punje ya chumvi kwa sababu daktari alikataza, na kwamba wewe ulilalamika kama mtoto lakini mimi sikulegea. "Huo ndio upendo wenyewe," akasema. Akina mama wakaguna mmh, mmh, kama wanavyoguna mahubiri yakiwaingia. Kaka Elia, aliyekuja na familia yake kutoka Dar, akanishika bega akalia. Mimi nilikuwa na sinia la ndizi za wageni mikononi. Nilitazama zile ndizi.

Nakuandikia kwa sababu daktari hakusema hivyo.

Ngoja nianze mbali, nikukumbushe ulivyokuwa mtamu, nisije nikaonekana nimesahau. Unakumbuka mwaka wa uhaba, nilipokuwa darasa la kwanza? Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi ndiyo kabisa. Wewe ulishuka Moshi mjini kwa miguu kabla jogoo hajawika, ukapanga foleni mchana kutwa kwenye duka la Mhindi, ukapanda tena na mvua ikikunyeshea. Chumvi ya mawe ulikuwa umeifunga kwenye gazeti ukaiweka ndani ya koti lako la kanisani. Mama alidhani tutaificha uvunguni. Ukamwambia alete kifuniko cha chupa ya chai. Ukapima, kifuniko kimoja kila nyumba, nyumba saba za majirani, na mimi ndiye niliyetumwa kupeleka. Mama akakuuliza, "Na sisi je, baba Elia?"

"Sisi tutalamba gazeti," ukasema.

Na kweli tulililamba. Wewe na mimi, vichwa vimegusana, mpaka ulimi wangu ukawa mweusi kwa wino na mama akacheka akakaa chini.

Jumamosi ulikuwa unanipa mstari wa kukariri. Unaweka punje tatu za chumvi kwenye kiganja changu, na siruhusiwi kulamba mpaka nimalize kusema kwamba sisi ndio chumvi ya dunia. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa, mahali pote penye chumvi kwenye Biblia ulipajua kama ulivyoijua migomba yako. Ulinifundisha kwamba sadaka ya watu wa Musa haikukubalika bila chumvi. Kwamba Elisha aliyaponya maji mabaya kwa chumvi. Kwamba mtoto mchanga wa zamani alisuguliwa chumvi, na aliyekosa kusuguliwa ni yule ambaye hakupata mtu wa kumpenda. Na ulipofika kwa mke wa Lutu ulikuwa unacheka: "Huyu naye alitaka kuonja nyuma, chumvi ikamkolea mpaka ikamzidi!" Mimi nilijua duniani kuna chumvi mbili, ya dukani na baba yangu.

Halafu nikapata mimba kidato cha pili.

Kijana mwenyewe alikuwa mpagazi wa mlimani. Wiki niliyomwambia alipanda na wageni, na aliposhuka alishukia upande mwingine wa mlima, hajaonekana mpaka leo. Wewe hukunipiga. Mama alikuomba unipige yaishe, nilimsikia kwa masikio yangu. Ulikaa kwenye kigoda chako ukasema polepole, kama unatoa matangazo ya ibada: chumvi ikishaharibika haitiwi chumvi nyingine, hutupwa nje watu wakaikanyaga. "Sikutupi nje," ukaniambia, "kwa sababu mvua inanyesha."

Nikajifungua. Haika. Unajua kwetu mzazi ni malkia kwa miezi mitatu. Hashiki jembe, hachoti maji, analala na kula mtori wa ndizi wenye nyama na siagi mpaka shingo inajaa, na siku ya kutoka nje watu wanamsifu mama yake kwa jinsi alivyomlisha. Mama alikuwa ameshaweka siagi kwenye kibuyu tangu mimba ina miezi sita. Ukaingia jikoni, mahali ambapo hukuwahi kuingia.

"Atakula," ukamwambia. "Asije akasema nimemuua. Lakini chakula chake kisitiwe chumvi mpaka asimame mbele ya usharika."

Nilikuwa nimetengwa, kama wote wa aina yangu. Sikuruhusiwa Meza ya Bwana wala mwanangu kubatizwa, mpaka nisimame mbele ya watu nikiri, ndipo nirudi kundini. Hiyo ilikuwa desturi ya kanisa letu na sikuilaumu. Ya chumvi ilikuwa ya kwako mwenyewe.

Mama alitafuta kisufuria kidogo, kile chenye sikio moja, akawa ananipikia humo. Sufuria kubwa ya kwenu, kisufuria changu. Asiyeonja hajui, baba. Mtori bila chumvi ni matope ya moto. Nyama inakuwa kama kitambaa kilichochemshwa, unakitafuna na hakina cha kukuambia. Nilikula siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Haika alinyonya hicho hicho. Nilikuwa namtazama nikijiuliza, huyu naye amekosa nini.

Siku moja mama aliniletea bakuli, akainama kama anayenifuta mdomo, na kidole chake kilikuwa na chumvi. Alikuwa amekichovya makusudi kwenye kopo. Nilikinyonya kile kidole mimi, mzazi wa miaka kumi na saba, kama Haika alivyoninyonya mimi. Kesho yake akanifuta tena. Siku ya tatu ulikuwa umesimama mlangoni. Hukupandisha sauti.

"Mama Elia. Mikono yako umenawa?"

Mama akatoka nje akanawa. Nilisikia maji yakimwagika kwenye mgomba. Tangu siku hiyo alinawa kila mara kabla ya kuja kwangu, hata wewe ukiwa shambani, na hakunifuta tena. Amekufa hajanifuta tena.

Miezi mitatu ilipotimia nikasimama kanisani. Nilisema nimetenda dhambi, mbele ya watu wa zile nyumba saba nilizowapelekea chumvi kwenye kifuniko. Wazee wa kanisa mkapanga mstari kunipa mkono. Ilipofika zamu yako uliushika mkono wangu ukasema, "Karibu kundini, binti," kama unampokea mgeni kutoka Rombo. Nyumbani ukaniwekea kopo la chumvi mezani. "Sasa kula." Nikamimina mpaka mtori ukauma ulimi, nikaumaliza wote huku nakutazama usoni. Wewe ulidhani ni toba.

Baada ya hapo niliteremka mjini. Nikashona sare za shule kwenye baraza la duka, nikamlea Haika na cherehani ya kukodi, na kwa kweli tuliishi vizuri. Alikuwa mtoto wa kucheka. Tulipanda kwenu Krismasi, na tulipanda kumzika mama. Hatukugombana, wewe na mimi. Tulisalimiana tu. Shikamoo baba. Marahaba.

Kisha kiharusi kikakuangusha shambani, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala. Elia yuko Dar na kazi yake. Aliyebaki ni mimi.

Siku ya kukutoa hospitali, daktari alinisimamisha kwenye korido. Kijana mpole, mwenye haraka. "Presha yake iko juu, mama. Chumvi ipunguze. Siyo umnyime kabisa. Kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, hicho kigawanye kwenye chakula chake chote. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Akaandika kwenye kadi yako, kwa Kiswahili, herufi zinasomeka.

Tulipofika juu nilikwenda kwa baba Shukuru, jirani yako mwenye duka, nikampigia Elia kwa simu yake. Elia akauliza kuhusu chakula. Nikausikia mdomo wangu unasema, "Wamekataza chumvi kabisa. Hata punje."

"Basi usimwonee huruma," Elia akasema. "Mzee unamjua."

Naomba uniamini hapa, baba: nilikuwa sijaipanga. Ilitoka yenyewe. Lakini niliporudi nikaingia jikoni kwa mama, nikakuta kisufuria chenye sikio moja kimening'inia kwenye msumari wake. Hapo nikapanga.

Mlo wa kwanza ulitafuna kwa muda mrefu. Ukakitazama kisufuria, hukunitazama mimi.

"Mwanangu, hiki hakina chumvi."

"Daktari, baba."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Nilikuosha, nilikugeuza usipate vidonda, nilikukata kucha, nilikuanika juani kila asubuhi ukitazama mlima. Yote niliyafanya kwa mkono laini, muulize yeyote. Na mara tatu kwa siku nilikupa matope ya moto kwa kijiko, nikikupangusa kidevu na kusema, "Kula, baba, upone." Nilikuwa nakula baadaye, peke yangu, chakula cha sufuria kubwa, na sijawahi kukiona chakula kitamu namna ile. Hilo ndilo ninaloona aibu kuliko yote.

Baba Shukuru alikuja kukutazama akakukuta umelikunjia uso bakuli. Akapiga makofi. "Ndugu yangu, unalalamika nini? Wewe si umeshakula chumvi nyingi hapa duniani! Fungu lako limeisha, waachie vijana!" Ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alipoondoka ukaniuliza, "Mpaka lini, mwanangu?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka minane.

"Mpaka usimame," nikakujibu.

Uliuangalia mguu wako uliolala. Hukuuliza tena.

Haika ndiye aliyekuwa rafiki yako. Ulikuwa unamsomesha kwa chochote kilicho karibu: kitabu cha nyimbo, boksi la dawa, pakiti ya chumvi yenye madini joto ambayo hukuruhusiwa kuifungua. Ukamfundisha na mstari ule ule, ukimwekea kiganjani punje tatu za mahindi. "Babu, mbona chumvi yako ni mahindi?" akakuuliza, nikiwa nasikia kutoka jikoni. "Ya kwangu ilikwisha," ukasema. Siku nyingine akaja mbio, mdomo kwenye sikio langu: "Mama, babu anajifunza kusimama. Anashika nguzo ya baraza halafu ananishika mimi. Amesema ni siri."

Nilimwambia akwambie usijiumize. Nikaendelea kukoroga.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, nami nilikuwa nimetoka kuanua nguo. Nikamkuta Haika amekuinamia pale kwenye kiti chako. Ana bakuli mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono mwingine, chenye chumvi, anakufuta mdomo. Nani alimfundisha? Mama alikufa Haika akiwa na miaka minne, na mimi sikuwahi kumsimulia. Umefumba macho. Umeibana midomo yako kwenye kidole cha mtoto wa miaka minane, na machozi yako yanateremka upande ule mzima.

"Haika," nikasema. "Mikono yako umenawa?"

Sikuipandisha sauti.

Ulifumbua macho, tukatazamana. Wewe ulikuwa umeisikia, na mimi nilikuwa nimeisikia. Ilikuwa sauti yako, baba, kila kitu, hata ule upole wake. Haika akatoka nje kwenda kunawa, na maji yakamwagika kwenye mgomba ule ule.

"Usimgombeze," ukasema. "Nimemwomba mimi."

Niliingia jikoni nikachukua kisu. Nikachinja kuku, siku ambayo haikuwa sikukuu. Nikapika mtori kwenye sufuria kubwa, nikatia chumvi kama binadamu anavyotia, nikaonja, nikatia tena kidogo. Nikakuletea mwenyewe nikapiga magoti mbele ya kiti. Ukaonja kijiko kimoja. Nilikiona kikishuka kooni, nikaona uso wako wote, hata ule upande uliokufa, ukitaka kucheka. Kisha ukakisukuma kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Bado," ukasema. "Sijasimama."

"Baba, nisamehe. Kula."

"Mbele ya usharika," ukasema. "Nilisema mbele ya usharika. Bado sijasimama."

Sijui mpaka leo kama ulikuwa unatubu au ulikuwa unanipiga. Pengine ulikuwa unafanya yote mawili. Jumatatu ulirudisha bakuli lenye chumvi na kuomba kisufuria chako. Jumanne hivyo hivyo. Alhamisi kiharusi cha pili kikaja, hukutuambia kwaheri.

Tulipoanua matanga nilifungua kitabu chako cha nyimbo, nikitafuta wimbo ulioupenda. Kadi ya hospitali ilikuwa humo. Pale daktari alipoandika kijiko kimoja kidogo cha chai kulikuwa na mstari wa penseli chini yake, umepinda kama njia ya konokono. Mkono wa kushoto. Nikakaa kitandani kwako. Haika akachungulia.

"Hapo babu alinisomesha," akasema. "Aliniambia nisome mara mbili."

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya Krismasi."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Babu alisema, mama yako anajua kusoma."

Basi ulijua. Miezi mitano mizima ulijua. Ulifungua mdomo mara tatu kwa siku ukapokea matope yangu, ukiniangalia ninavyokupangusa kidevu, ukijua. Ungeweza kumtuma mtoto kwa baba Shukuru na Elia angepanda siku hiyo hiyo. Ulinyamaza. Nililia, baba, lakini nilikuwa na hasira pia, nataka ulijue hilo. Nilikuwa nakulisha adhabu yangu na wewe ukaigeuza ikawa adhabu yako, ukanichukulia hata hiyo.

Kisha Haika akaniuliza, "Mama, babu alikosa nini?"

Hakuwa anachokoza. Kwake yeye kuna watu wanaopikiwa chumvi na watu waliokosa, ndivyo alivyojifunza nyumbani kwetu, kwa kutazama tu. Anakariri mstari wa chumvi ya dunia vizuri sana, na hivi ndivyo anavyouelewa. Swali lake nilikuwa na njia mbili za kulijibu. Ningesema "hakukosa kitu, daktari alikataza", naye akikua angeikuta kadi. Au ningemwambia ukweli. Niliona kidole chake, kile alichokwenda kukiosha kwa sababu yangu. Mama yangu alinawa na hakurudi tena. Huyu sitaki anawe hivyo maisha yake yote, wala sitaki siku moja asimame mlangoni kwake, na sauti ile ipate mdomo wa tatu.

Nikamwambia, "Babu alikosa, na mimi nikakosa. Nitakuambia mbele ya watu."

Nimekwenda kwa mchungaji. Alishangaa. "Dada, hakuna aliyekushtaki. Watu wanakusifu." Nikamwambia ndiyo maana. Amekubali. Jumapili hii nitasimama pale pale nilipokuwa nimesimama nikiwa na miaka kumi na saba, na nitaisoma barua hii. Nitasema langu kwanza. Kisha nitasema lako, kwa sababu wewe hukuwahi kulisema na mguu wako ulikataa. Pale penye kadi nitasoma mara mbili. Zile nyumba saba zitakuwepo, na Elia nimemwambia apande. Watakaoguna mmh waamue wenyewe wanaguna nini. Haika atakaa benchi la mbele.

Wewe ulisema mke wa Lutu aliharibiwa na kutazama nyuma. Mimi nimetazama, baba, na bado nina miguu.

Kisufuria nimekitoboa kwa msumari mahali patatu. Hakitapika tena chakula cha mtu.

Ulale, baba yangu. Kama huko kuna meza na umemkuta mama, mwambie asinawe. Mpe mdomo wako akufute.

Na mimi Jumapili, nikirudi kwenye kiti, nitakuwa nimesimama kwa ajili yetu wote wawili. Ukisikia, kula.

Binti yako, uliyelamba naye gazeti,
Mama Haika